Mwambo Ulioegemea Kushoto

Sura ya Saba

Jumatano, saa tatu kasorobo asubuhi, kiti kilikuwa juu ya meza ya Sajini Ivo Zanutto kikiwa na karatasi ya kielelezo mguuni. Mtu aliyedaiwa kukiiba alikuwa chumba cha pili, nyuma ya mlango usiofungwa kwa ufunguo, akinywa kahawa ambayo Sajini mwenyewe alikuwa amemletea kutoka mgahawa wa ng'ambo ya barabara. Saa nane mchana gari lingekuja kutoka Genova kumchukua. Likishampakia, shauri lingekuwa mikononi mwa hakimu, na hakimu wa Genova hakumjua Tullio Devoto, hakukijua kiti, wala hakujua Rivarella ni mji wa watu wa namna gani.

Zanutto alikitazama kiti. Kilikuwa cha mbao ya mcheri, miguu myembamba mno, mgongo umepinda kidogo kwa nyuma kama mtu aliyeitwa jina lake akageuka. Alikiinua kwa kidole cha shahada na kikainuka. Alikuwa na miaka kumi na miwili katika mji huu wa waunda viti na bado jambo hilo lilimfanya aangalie pembeni kama yupo anayemcheka.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kiti kilichorwa mwaka 1954 na msanifu Ulderico Fossati wa Milano, akiwa kwenye nyumba yake ya kiangazi kilimani juu ya mji. Fundi wa hapahapa, marehemu sasa, akakiunda. Mwanamke wa hapahapa akawamba kikalio kwa chane za mti wa mtoni, nyembamba kuliko ukindu; jina la mwanamke huyo halikuandikwa popote. Baadaye viwanda vya kaskazini vilitoa nakala maelfu, lakini hiki ndicho cha kwanza. Fossati alikufa mwezi wa nne. Binti yake wa pekee, Lavinia, akaamua kukipeleka mnadani. Septemba kikapigwa picha, na picha ikatoka gazetini. Jumatatu mchana Lavinia alifika na mtaalamu wa mnada ili wakifungashe. Walikikuta mahali pake, ila kikalio kilichokuwa kimelegea na kutoboka tundu la ukubwa wa yai sasa kilikuwa kimekaza kama ngoma. Mtaalamu alikitazama dakika tano akasema kiti si chenyewe, kimebadilishwa. Funguo za nyumba zilikuwa mbili. Moja ya Lavinia, moja ya Tullio, mlinzi na mtunza bustani kwa miaka thelathini na moja.

Sajini akanyanyuka akaenda chumba cha pili, akavuta kigoda.

"Tullio. Kiti kile ndicho?"

"Ndicho."

"Jirani anasema alikuona Ijumaa ukishuka nacho umekifunika blanketi. Kilikwenda wapi?"

Tullio alikizungusha kikombe kwenye kisahani chake. Alikuwa mtu wa miaka sitini na moja, mikono ya kuchimba mashimo ya mizeituni.

"Nani amekiwamba?" aliuliza Sajini.

"Andika ni mimi."

"Wewe? Wewe ndoo yako ya kisimani umeifunga kwa waya na bado inaanguka."

Tullio alitaka kucheka, akajizuia. "Basi usiandike kitu."

"Nisipoandika kitu utakwenda Genova kama mwizi."

"Afande, mtu akikiri na mtu akinyamaza, kifungo si kilekile?"

"Karibu kilekile."

"Basi mimi nimechagua kunyamaza. Kahawa ilikuwa nzuri, ahsante."

Zanutto alirudi mezani kwake akiwa na jambo moja jipya. Mwizi hujitetea; huyu hakuwa akijitetea, alikuwa amemkinga mtu. Akafungua bahasha ya vitu vilivyotolewa kwenye koti la Tullio. Kitambaa cha mkononi, funguo, rozari ya mbao, na kadi ya muuza samani za kale wa Genova. Kadi hiyo ndiyo iliyomfurahisha mtaalamu tangu Jumatatu. Mlinzi maskini, kiti cha thamani, muuza samani za kale: nini tena? Hata Zanutto, usiku wa Jumatatu, alikuwa ameikubali hesabu hiyo kwa shingo upande.

Akapiga simu. Muuzaji alimkumbuka Tullio vizuri, maana hapati wateja wa aina ile. Tullio hakuuza kiti wala hakuulizia kununua. Aliuliza kama kuna chane za kuwambia za zamani, zilizochanwa kwa mkono, maana za siku hizi ni nene na za mashine. Muuzaji alikuwa na furushi moja limekaa darini miaka ishirini, akampa, na Tullio akamwachia chupa mbili za mafuta ya zeituni. Alikuwa ameuliza pia jambo la ajabu: chane kavu za miaka ishirini zilowekwe muda gani, na maji yawe ya moto au ya baridi. Muuzaji hakujua. Tullio akasema si neno, yupo anayejua.

Sajini aliandika maneno hayo, yupo anayejua, akayapigia mstari.

Saa nne walifika Lavinia Fossati na mtaalamu. Mtaalamu aliitwa Ermanno Vigevani, mtu msafi, mwenye kioo cha kukuzia kwenye mfuko wa kisibau kama watu wengine wanavyoweka kalamu. Lavinia alikuwa na miaka arobaini na saba, mrefu, koti la kijivu, na hakuketi ingawa aliwekewa kiti. Vigevani aliweka picha ya gazeti kando ya kielelezo akaeleza tena, taratibu, kama anamfundisha mtoto. Mistari ya mwambo kwenye picha inakwenda mshazari kuelekea kulia. Kwenye hiki inakwenda kushoto. Aliyekiiga alitumia picha iliyogeuzwa, akaiga kinyume bila kujijua. Kosa la kawaida la waigaji.

Zanutto akauliza: na mbao? Vigevani akasema mbao ni nzuri, kazi nzuri sana, lakini mwigaji mzuri huiga mbao. Akaongeza kwamba watu wa mji huu hawajaelewa kilichopotea. "Kile hakikuwa kiti, Afande. Kilikuwa sanamu inayokubali kukaliwa."

"Na nani aliyekikalia?"

"Hakuna, namshukuru Mungu."

Lavinia alikuwa dirishani. Akasema, bila kugeuka, kwamba kiti chenyewe hakimuumi sana. Tullio ndiye aliyemfundisha kuogelea akiwa na miaka kumi na sita, pale kwenye miamba, alipokuwa anaona aibu kwa kutojua. Angemwomba kitu chochote angempa. Kilichomuuma ni kwamba hakuomba.

Zanutto aliangalia saa ya ukutani. Akafungua kamba ya kielelezo, akaandika kwenye daftari kwamba kielelezo kimetoka kituoni kikiwa mikononi mwa ofisa mpelelezi, akakitia kiti kwapani na kutoka nacho. Vigevani akauliza kinapelekwa wapi. Sajini akajibu kwamba mtu akitaka kujua mwandiko ni wa nani, huwauliza wanaoandika.

Walikuwa wengi zamani, wanawake wa kuwamba. Walikaa vizingitini kwenye uchochoro wa nyuma ya kanisa, kila mmoja na kiti chake magotini na beseni la maji miguuni, wakisengenya mpaka chane zikauke. Sasa alibaki mmoja anayefanya kazi, Bice Raffo, mwenye miaka sabini, ulimi mkali kuliko kisu chake. Alipomwona Sajini anakuja na kiti kwapani alimwuliza kama amevunja kingine, maana yeye na tumbo lake anahitaji benchi la mawe. Zanutto akasema hapana, hiki ni cha mwenye shida kubwa zaidi. Akampa.

Bice hakutazama juu. Alikipindua palepale, miguu hewani, akakiweka magotini.

"Juu kila mtu hupaka poda," alisema. "Chini ndiko kwenye tabia."

Akapitisha kidole gumba kando ya fremu, pembe kwa pembe. Kwenye pembe ya tatu akasimama. Pale chane ya mwisho ilikuwa imezungushwa mara mbili na kuzamishwa chini ya nyingine, ncha haionekani. Akaenda ya nne, vilevile.

"Umeipata wapi hii?"

"Ni mkono wa nani, Mama Bice?"

"Duniani hapa anayefunga pembe hivi ni mmoja, Colomba Queirolo, aliyewamba kiti cha msanifu. Ndiye aliyenifundisha, na hii alikataa kunifundisha, alisema nitafute yangu. Lakini haiwezi kuwa Colomba. Tazama, yote inakwenda upande siyo. Ni kama barua ya mtu unayemjua, umeisoma kwenye kioo." Akarudisha kiti. "Na Colomba hawambi tena. Kiharusi kilimkamata mwezi wa tatu."

"Upande gani?"

"Kulia. Mkono wote, na mguu nusu." Kisha Bice akatazama kiti, akatazama mkono wake mwenyewe wa kulia. "Maskini mimi," alisema polepole. "Kwa kushoto?"

Hapo ndipo Zanutto alipokaa kizingitini bila kukaribishwa. Hapakuwa na mwigaji wala picha iliyogeuzwa. Mwanamke yuleyule aliyewamba mwaka 1954 amewamba tena 1989, na mkono mmoja umekufa, ukabaki wa pili, na mkono wa pili huwamba kinyume cha wa kwanza. Akamwuliza Bice Tullio anahusiana nini na Colomba. Bice akashangaa kwamba polisi hajui: ni mama yake wa ubatizo. Mama mzazi alikufa mapema; Colomba ndiye aliyemvisha suruali ndefu ya kwanza na ndiye aliyesimama naye siku ya kumzika mke wake. Tangu kiharusi, Tullio humpelekea supu kila jioni na kuirudisha haijaguswa. Bibi alikuwa amegeukia ukuta. Alisema mwambaji asiye na mkono ni mdomo wa kulishwa tu.

"Halafu gazeti likaja," alisema Bice. "Ile picha. Nilimpelekea mimi mwenyewe, nilidhani atafurahi kuona kazi yake gazetini. Akalia. Si kwa furaha. Kikalio chake, kimelegea, kina tundu, nchi nzima inatazama. Wewe si wa hapa, hujui. Kiti kikilegea, aibu si ya mwenye kiti, ni ya aliyewamba. Na akiwa hai atakirudia bure, hata kiwe cha bibi yako. Mama yangu alirudia kiti akiwa na homa, akafa wiki ileile."

Zanutto alianza kuuona mwendo wote. Tullio hakuwahi kuwaza kwamba kuna mtu Milano anayelitaka lile tundu. Angewazaje? Rivarella nzima hakuna mtu angewaza hivyo. Aliona mambo mawili, kiti kilichoaibika na bibi aliyegeukia ukuta, akaona dawa ya kimoja ni kingine. Na Jumatatu, pale Vigevani alipopaza sauti sebuleni kwamba mwambo wa asili ndio uliokuwa roho ya kile kiti na bila huo kimebaki mbao, Tullio alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. Ndipo alipoelewa amefanya nini. Na ndipo alipofunga mdomo, maana akitaja jina, askari watapanda ngazi za Colomba kumwambia kwamba kazi ya mwisho ya mkono wake imeua kiti.

Ikawa hivi basi: Sajini alipaswa kumtoa Tullio kabla ya saa nane, na kumtoa kwa njia ambayo Tullio mwenyewe hangekubali. Na ushahidi bado haukutosha. Bice alikuwa ameutambua mkono, lakini mkono unaweza kuwamba fremu yoyote, hata ya bandia. Akauliza: mwambo wa zamani huwa unatupwa?

"Hautupwi. Unakatwa ukiwa mzima, unawekwa. Mwenye kiti akija akakalia kipya mbele yako, amekubali, ndipo wa zamani unatiwa motoni. Asipokalia, kazi haijaisha."

"Na kiti hiki, mwenyewe amekikalia?"

Bice alimtazama. "Wewe ndiye unayejua, mwanangu."

Saa sita kasoro walipanda ngazi za Colomba watu watatu, Zanutto mbele na kiti, Lavinia nyuma yake, Vigevani wa mwisho. Ngazi zilipogeuka kwenye ghorofa ya pili, Sajini aliwasimamisha akawaeleza yote kwa sauti ya chini: mkono wa kushoto, picha ya gazeti, supu iliyokuwa ikirudi. Akasema Tullio yuko tayari kufungwa ili bibi huyu asijue. Yeye kama polisi hana la kuwaagiza.

Vigevani akasema yeye si mtu wa kusema uongo.

"Sikuombi uongo. Nakuomba kioo chako cha kukuzia, na kalamu. Ukiona kitu, andika. Usichoulizwa, usijibu."

Lavinia alikuwa ameshika reli ya ngazi kwa mikono miwili.

Jikoni mlinukia mkate wa vitunguu. Colomba Queirolo alikuwa kwenye kiti cha dirishani, mdogo kama ndege, mkono wa kulia umelala kwenye aproni, jicho moja limefifia. Beseni bado lilikuwa miguuni, na kidole gumba cha kushoto kilikuwa kimefungwa kitambaa. Zanutto alisema hawa wametoka Milano, wanataka kuona kazi ilivyofanyika. Bibi aliinua uso.

"Ni wewe binti wa msanifu?"

"Ndimi, Bibi."

"Tullio aliniambia umemtuma. Kwamba umesema akilete kwangu, si kwa mwingine." Ulimi ulikuwa mzito kidogo upande mmoja, lakini maneno yalikuwa yamepangwa tangu zamani. "Nikamwambia huyo binti haelewi, mkono wangu umekwenda. Akasema umesisitiza. Toka mwezi wa tatu hakuna aliyenipa hata kigoda."

Lavinia alimgeukia Zanutto, na Zanutto akajishughulisha na kukiweka kiti juu ya meza, miguu juu.

Alimwomba Bibi mwambo wa zamani. Ulikuwa kwenye mfuko wa unga nyuma ya jiko: kipande kizima cha mraba, rangi ya asali ya zamani, tundu katikati. Vigevani alitoa sauti ndogo kooni. Alilinganisha na picha, uzi kwa uzi, na hakuhitaji muda mrefu. Huo ndio, alisema, wa 1954. Lakini unathibitisha tu kwamba kiti cha asili kilifika hapa. Hauthibitishi kwamba ndicho kilichorudi.

"Tazama chini ya fremu," alisema Zanutto. "Si chane. Katikati ya chane."

Jambo hilo alikuwa ameliona kizingitini kwa Bice, jua lilipopiga kwa upande. Mtaalamu aliinama na kioo. Mbao ya mcheri hupigwa na hewa na mwanga ikawa nyekundu mwaka hadi mwaka. Lakini penye chane pamefunikwa, kwa hiyo panabaki peupe, kama ngozi chini ya saa ya mkononi. Kama Colomba angewamba kwa mkono wa kulia, chane mpya zingelala palepale pa zamani na kufunika kila kitu. Kwa kuwa aliwamba kwa kushoto, zililala kinyume, na kati yao vilichungulia vistari vyeupe, vyembamba, vingi, vyote vikiegemea kulia. Vigevani akaulaza mwambo wa zamani kando ya fremu. Vistari vikaangukia kwenye chane zake, kimoja kwa kimoja, mpaka kwenye ile moja iliyokuwa imekatika tangu miaka hiyo.

Aliinuka, uso umebadilika. Alikuwa mtu wa kazi yake, na mtu wa kazi yake haiti nyeusi nyeupe. Alikaa pembeni akaandika mistari sita na kutia sahihi: fremu ni ya asili, haijabadilishwa. Zanutto akaupuliza wino, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Ilikuwa saa sita na dakika ishirini na tano.

Wizi ukawa umekufa hapo. Lakini Vigevani alikuwa bado ameushika ule mraba wa asali kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Alimsogelea Lavinia akamnong'oneza, na jiko lilikuwa dogo mno kwa kunong'ona. Kwamba si yote yaliyopotea. Yupo bwana Milano anayeweza kuukata huu mpya na kuurudisha wa zamani juu ya fremu, nyuzi zake zikatiwa gundi. Kiti kingekwenda mnadani mwezi wa pili kama vile hakijaguswa.

Colomba alikuwa anawatazama. "Kuna kasoro," alisema. Halikuwa swali.

Akakionyesha kikalio kwa kidole kilichofungwa kitambaa.

"Najua umeegemea upande siyo. Nilijaribu kuwaza kinyume, mkono ukakataa. Baba yako angeliona palepale. Sema tu, binti. Nimewahi kukataliwa, mwaka 1931. Nilikirudia."

Vigevani akavuta pumzi ya kutaka kueleza. Lavinia akamwekea mkono kifuani, kwa wepesi, kama mtu anayezuia mlango. Kisha akakichukua kiti mezani, kwa kidole kimoja, akakisimamisha sakafuni mbele ya Bibi.

"Nyumbani hatukukikalia," alisema. "Nilikuwa nakipita nikienda kulala, kila siku, miaka yote. Sikuwahi kujua kikoje."

Akavua koti. Akaketi.

Kiti kililia mara moja, kidogo, kama chane mpya zinavyolia, kisha kikanyamaza. Lavinia aliegemea mgongo ule uliopinda, na mabega yake yakashuka. Colomba alikuwa ameinama mbele, anasikiliza zaidi kuliko kutazama.

"Kimekaza?"

"Kimekaza sana, Bibi."

"Kitalegea kidogo mwaka wa kwanza. Si vibaya, kinakuzoea. Kikizidi, niletee." Akanyoosha mkono wa kushoto kwa Vigevani, kiganja juu, akisubiri. "Nipe huo, bwana."

Vigevani alimtazama Lavinia. Lavinia, kutoka pale alipoketi, akaitikia kwa kichwa: mpe. Akampa. Zanutto alijua vizuri kwamba mraba ule ulistahili kuandikwa kwenye daftari la vielelezo; aligeuka akatazama nje, paa za mawe meusi na nguo za watu zilizoanikwa, akasikia mlango wa jiko ukifunguka, kitu kikavu kikishika moto haraka, na mlango ukifungwa. Mtaalamu alisema anasubiri chini. Alishuka ngazi polepole sana.

Bibi aliomba wamkatie mkate, na kipande chake kiwe kikubwa.

Saa saba na nusu Zanutto alikuwa amemaliza karatasi: maelezo ya mtaalamu, maelezo ya Bice Raffo, na barua ya mlalamikaji kwamba kiti kilitolewa nyumbani kwa ajili ya matengenezo, kwa idhini yake. Kwenye neno idhini Lavinia alisimamisha kalamu kidogo, kisha akaendelea. Sajini alipiga simu Genova kuwaambia wasilete gari. Wakauliza sababu. Akasema kiti kilikuwa kwa fundi.

Alikwenda chumba cha pili. Tullio alisimama, akavaa kofia, akainyoosha mikono mbele kwa pingu.

"Nenda nyumbani," alisema Zanutto.

Tullio hakusogea. "Mmepanda kwake?"

"Tumepanda."

Uso wa mzee ulisawijika. Sajini akamshika kiwiko akamtoa hadi ofisini. Lavinia alikuwa ameketi pale katikati, juu ya kielelezo, miguu ameikunja kama mtu aliyeko barazani kwake. Tullio alimwona alipoketi. Akaivua tena kofia. Akaanza kusema Bi Lavinia, mimi, kisha akashindwa.

"Bibi amekula," alisema Lavinia. "Vipande viwili. Anauliza kwa nini tangu juzi hukupeleka supu."

Tullio alifuta macho kwa kofia.

"Na nasikia nilikutuma," alisema Lavinia. "Siku nyingine nikikutuma, Tullio, uniambie."